Nyuso Zilizouza Tumbaku

Hapa Majoreni, katika pwani hii ya kusini ya Kenya ambako Wavumba na Wadigo wamechanganyika kwa nasaba, kwa ndoa na kwa kazi za bahari na mashamba, tumbaku haikuwa na haja ya uso wa mtu ili ipate mnunuzi. Bibi aliyetafuna tambuu aliijua tumbaku yake kwa harufu kabla hajaitia kinywani pamoja na popoo na chokaa, na mzee aliyevuta kiko aliijua kwa ladha yake na kwa mlio wa maji uliokuwa ukiguruma taratibu barazani baada ya sala ya alasiri. Muuzaji naye alikata kipande, akakikadiria kwa jicho, akakifunga katika karatasi, na mambo yakaisha. Hakuisifu sana bidhaa yake, kwa maana aliyekuja kununua alikuwa amekwisha kujua anachokitaka. Nayatanguliza haya ili msomaji aione ajabu ya jambo nitakalolisimulia: kwamba kiasi cha miaka mia na arubaini iliyopita, katika nchi ya Marekani, biashara ya tumbaku ilifika mahali ambapo haikuweza kupiga hatua pasipo kuandamana na sura za wanawake, na sura hizo zikachapwa kwa mamilioni juu ya vikadi ambavyo upana wake ni kama sentimita 4 na kimo chake 7, vikatiwa ndani ya pakiti za sigara, vikaenea kutoka mfuko mmoja hadi mwingine mpaka vikawa ndiyo picha ya kwanza ambayo watu wengi maskini wa nchi ile walipata kuimiliki maishani mwao.

Aliyeanzisha mambo haya ni mashine. Hapo awali sigara ilisokotwa kwa mkono; katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia, kampuni ya Allen & Ginter iliwaajiri wasichana kwa mamia, wakakaa mbele ya meza ndefu wakisokota moja moja, na msokotaji hodari aliweza kutoa sigara nne hivi kwa dakika moja. Mwaka 1881 kijana aitwaye James Bonsack akapata hataza ya mashine iliyoweza, ikienda vizuri, kutoa sigara zipatazo 120,000 kwa siku moja ya kazi ya saa kumi, yaani kazi ya wasokotaji hamsini waliokaa pamoja bila ya kuinua vichwa. Kampuni ya W. Duke, Sons & Co. ya Durham, North Carolina, iliyoongozwa na James Buchanan Duke, ikaichukua mashine hiyo mwaka 1884, na punde si punde ikajikuta ina sigara nyingi kuliko wavutaji. Waume wengi wa Marekani wa siku zile walitafuna tumbaku au walivuta kiko, na sigara nyembamba ya karatasi waliiona kitu cha vijana wa mjini wasio na uzito. Fauka ya hayo, sigara ya kampuni hii na sigara ya kampuni ile hazikuwa na tofauti kubwa mdomoni. Ilibidi tofauti itafutwe nje ya tumbaku yenyewe, na Duke aliitafuta kwa mali isiyo kifani, hata katika mwaka 1889 peke yake akatumia dola 800,000 kwa matangazo.

Amma kadi yenyewe haikuzaliwa kwa ajili ya picha. Pakiti ya wakati ule ilikuwa ya karatasi laini, na sigara ndani yake ziliminyika na kuvunjika mfukoni, basi watengenezaji wakatia kipande cha karatasi ngumu ili pakiti ipate uti wa mgongo. Kipande hicho kilikuwa kitupu, na mfanyabiashara akiona karatasi tupu hawezi kuinyamazia. Zikachapwa juu yake bendera za mataifa, ndege, wafalme, mabondia, wachezaji wa besiboli na farasi wa mashindano. Lakini zilizopita zote kwa wingi zilikuwa picha za waigizaji wanawake wa majumba ya tamthilia. Kampuni ya Allen & Ginter ilizitoa, Duke alizitoa, ndugu wa Kinney wa New York walizitia katika sigara zao za Sweet Caporal kwa mamia ya namna, na kadi nyingi za jinsi hii zikapewa nambari, ili aliyepata ya kumi na mbili aone kwamba ameikosa ya kumi na tatu, na kwa kuikosa kwake arudi dukani. Wenye kukusanya waliwekewa na vitabu maalumu vya kuzihifadhi. Namna hii ya kumfunga mnunuzi kwa kitu anachokikosa, na si kwa kile alichokinunua, ni hila ambayo imeishi umri mrefu, nayo ilifundishwa kwa nyuso hizi.

Kuna kisa kimoja ambacho wanaoandika historia ya biashara hii hawakiachi. Mwaka 1884 wakala wa Duke aitwaye Edward Small alifika Atlanta akakuta sigara haziuziki na wenye maduka hawataki hata kumsikiliza. Mjini mlikuwa na mwigizaji maarufu aliyejulikana kwa jina la Madame Rhéa. Small akamwendea, akamwomba ruhusa ya kutumia picha yake, naye akairidhia. Ikachorwa picha kubwa yenye rangi, mwanamke yule ameshika pakiti ya sigara za Duke mkononi, na maneno ya kumtaja kuwa ndiye kipenzi cha Atlanta. Watu wakasimama kuitazama, na waliosimama wakanunua. Naomba msomaji aliweke akilini neno moja katika kisa hiki: Rhéa aliombwa. Mbele ya safari tutaona jinsi kuombwa kulivyokuwa jambo la nadra.

Namna kadi hizo zilivyotengenezwa inastahiki kuelezwa, kwa kuwa wengi wetu tumezoea picha ya simu inayozaliwa na kufa kwa nukta moja. Ziko zilizokuwa picha halisi za kamera, ndogo, za rangi ya kahawia, zimegandishwa juu ya karatasi ngumu. Karatasi ya picha ya zama zile ilipakwa ute wa yai uliotiwa chumvi, kisha ikatiwa katika maji ya madini ya fedha ili ipate kuhisi nuru. Na kwa sababu hii viwanda vya Dresden, Ujerumani, vilivyokuwa vikiandaa karatasi hiyo kwa dunia nzima, vilivunja makumi ya maelfu ya mayai kila siku ya kazi, ute ukaenda kwenye picha na kiini kikatafutiwa matumizi mengine. Na ziko kadi zilizokuwa za kuchapwa kwa mawe, na hizi ndizo zilizokuwa na rangi za kupendeza. Fundi alichora kwa wino wa mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa hata likawa laini kama kaure; jiwe likalowekwa maji, wino wa kuchapia ukashika penye mafuta na ukakataa penye maji, na kila rangi ikawa na jiwe lake, hata kadi moja ya mwanamke mwenye mwavuli na kofia ya manyoya ikapita chini ya mawe kadhaa kabla haijawa tayari, bila ya mstari kupotoka mahali pake. Mtu akiitazama leo kazi ile kwa kioo cha kukuza huona vitone vidogo vya rangi vilivyopangwa kwa mkono, shavuni, shingoni, kwenye ukingo wa mdomo. Ilikuwa sanaa ya kweli, na waliotumiwa kuifanya walikuwa mafundi wa kweli. Jambo hilo silipunguzi hata kidogo.

Lakini nani alikuwa akipigwa picha, na kwa idhini ya nani? Katika New York alikuwako mpiga picha mkubwa wa waigizaji, Napoleon Sarony, ambaye nyumba yake ya kazi kwenye Union Square ilijaa mapazia, vinyago na vyombo vya kila nchi. Yeye alikuwa na desturi ya kuwalipa waigizaji mashuhuri ili awe peke yake mwenye kuziuza picha zao. Watu kama Sarah Bernhardt wa Ufaransa na Lillie Langtry wa Uingereza waliweza kumtajia bei. Langtry alijua thamani ya sura yake hata akalipeleka jina lake kwenye matangazo ya sabuni ya Pears kwa malipo. Ila msichana wa kwaya, yule asimamaye safu ya tatu nyuma ya jukwaa, hakuwa na bei ya kutaja. Alipopigwa picha alifurahi kwamba atajulikana, na kujulikana ndiko kulikokuwa ujira wake.

Sheria nayo, ilipokuja kusema, ilisema kwanza kwa ajili ya mpiga picha. Sarony alikuwa amempiga picha mwandishi Oscar Wilde, na kampuni moja ya uchapaji ikaichapa picha hiyo nakala 85,000 pasipo kumwuliza. Shauri likafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1884 majaji wakaamua kuwa picha ina mtungaji kama kitabu kilivyo na mtungaji, na mtungaji huyo ni mpiga picha, kwa sababu yeye ndiye aliyempanga mtu, akaichagua nuru na kuyakunja mapazia. Hukumu hiyo ilikuwa na busara yake, nami sina ugomvi nayo. Illa mtazame mwenye uso amewekwa wapi. Amehesabiwa pamoja na mapazia.

Mwanamke aliyekataa kuhesabiwa hivyo alitoka katika ulimwengu huo huo wa tamthilia. Mwezi wa Juni 1890, mwigizaji Marion Manola alikuwa akicheza katika Broadway Theatre mchezo ambao vazi lake lilikuwa soksi ndefu za kubana mpaka kiunoni. Kuvaa hivyo mbele ya watazamaji wa usiku ule, hiyo ilikuwa kazi yake. Picha ya kutundikwa madirishani mwa maduka aliikataa, na meneja wake alipomtaka akubali hakukubali. Basi akapigwa kwa siri kutoka chumba cha pembeni, kwa mmweko wa ghafla wa baruti ya nuru. Manola akaenda mahakamani, na mahakama ikazuia picha isitolewe. Mwisho wa mwaka ule ule wanasheria wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika makala juu ya haki ya mtu kuwa na faragha yake, na ndani yake wakalitaja shauri la Manola. Makala ile ikawa msingi wa sheria nyingi za faragha za dunia ya leo. Yaani mwanamke ambaye watu wa siku zake walimwona hana haya, kwa sababu ya jukwaa na soksi zake, ndiye aliyewafundisha wanasheria maana ya stara. Njia hata hivyo haikuwa nyoofu, maana mwaka 1902 msichana mwingine wa New York, Abigail Roberson, ambaye sura yake ilitiwa bila ya idhini katika nakala 25,000 za tangazo la unga, alishindwa katika mahakama ya rufani ya jimbo. Watu wakakasirika sana, na mwaka uliofuata baraza la sheria likapitisha sheria ya kukataza kutumia jina au sura ya mtu kwa biashara pasipo ridhaa yake iliyoandikwa.

Walikuwako waliopinga kadi za waigizaji kwa sababu nyingine. Mwezi wa Oktoba 1894 Washington Duke, baba yake James, mzee wa dini aliyeanza kuuza tumbaku kwa gari la kukokotwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, alipokea barua ya kasisi iliyolaumu picha zile, akamwandikia mwanawe kumsihi aziache, kwa hofu ya madhara yake kwa vijana na kwa dini. Kilichompa mzee hofu ni yule mwenye kuitazama picha. Huyu anayetazamwa hakupata wakili katika shauri lile la baba na mwana.

Wakati huo sababu ya kadi ilikuwa imekwisha kupungua nguvu, maana mwaka 1890 kampuni tano kubwa, za Duke na Allen & Ginter na Kinney zikiwamo, ziliungana kuwa American Tobacco Company, na asiye na mshindani hana haja ya kumbembeleza mnunuzi. Uingereza kadi ziliendelea mpaka uhaba wa karatasi wa vita ulipozikomesha mwaka 1940, na zile za Ogden's Guinea Gold zilibeba waigizaji wengi. Huko Marekani, kadi zilizorudi baina ya 1909 na 1911 zilikuwa za wachezaji wa besiboli, na mmoja wao, Honus Wagner, alikataa sura yake isitumike. Akasikilizwa, uchapaji wa kadi yake ukasimamishwa, na kwa uchache wake nakala moja ya kadi hiyo iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 7.25. Manola alilazimika kwenda mbele ya hakimu ili kupata alichokipata Wagner kwa kusema hapana.

Kwamba kadi hizi zipo hata leo ni fadhila ya mtu mmoja mnyonge wa mwili, Jefferson Burdick wa Syracuse, aliyekusanya vipande vya karatasi zaidi ya 300,000 ambavyo wengine walivitupa, akavitoa kwa Metropolitan Museum ya New York. Tangu mwaka 1947 alikuwa akienda kuvibandika kurasani kwa mikono iliyolemazwa na ugonjwa wa viungo. Alikamilisha kazi Januari 1963, akafa mwezi wa Machi. Humo ndimo waigizaji wale wanamoishi, na majina yao chini ya picha.

Nimezieleza habari za Marekani kwa urefu kwa kuwa ndiko kadi zilikozaliwa, lakini mawazo yangu muda wote yalikuwa huku pwani. Kwani katika miaka hiyo hiyo, kwa kamera za namna hiyo hiyo na ute huo huo wa yai, wanawake wetu nao walikuwa wakipigwa picha. Kamera iliwahi kufika mapema mno kwenye mwambao huu: Mfaransa Charles Guillain alipozuru Zanzibar na pwani baina ya 1846 na 1848 alikuwa na chombo cha kupigia picha za bamba la shaba lililopakwa fedha, na sura za watu wa pwani zikachapwa katika kitabu chake. Baadaye Wagoa wakafungua nyumba za picha Zanzibar, wakiwamo A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, nao wakawapiga masultani, mabalozi na matajiri wa Kihindi kwa ombi na kwa fedha zao. Ilipokuja desturi ya postikadi, kuelekea mwaka 1900, na meli za abiria za Kijerumani, za Kiingereza na za Kifaransa zikawa zinatia nanga Zanzibar na Mombasa, msafiri alitaka kitu cha kupeleka kwao kwa stempu ndogo. Ndipo wakapigwa watu wa aina ya pili, wanawake ambao hawakuomba.

Msomaji akipata kuziona postikadi zile, atamwona mwanamke amesimama mbele ya pazia lililochorwa, au ameketi juu ya kiti cha mpiga picha, kanga mbili mpya mwilini, nywele zimesukwa kwa mistari iliyonyooka, majasi masikioni na kipini puani, mkono mmoja umewekwa mahali ambapo bila shaka aliambiwa auweke. Chini yake yamechapwa maneno ya lugha ya kigeni yanayosema kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili, au kwamba huu ndio uzuri wa Zanzibar. Basi. Lillian Russell, mwimbaji wa New York, aliuza sigara lakini aliyemtia mfukoni alijua kuwa ni Lillian Russell; huyu wetu aliuza bahari, minazi na jua la Zanzibar kwa watu wa Hamburg na Liverpool, wala hakuna mmoja wao aliyejua kumwita.

Na hapa hapana budi kuuliza ni wanawake gani waliosimama mbele ya pazia lile. Mwanamke wa ukoo mkubwa hakuonekana na mgeni. Huko Lamu alitembea ndani ya shiraa, hema la nguo lililobebwa na watumwa wake, na Mombasa na Zanzibar alitoka usiku, amejifunika, na watu wake mbele na nyuma. Uso wake ulikuwa amana ya nyumba yao. Aliyeweza kusimamishwa mbele ya kamera kwa senti chache, au kwa amri, alikuwa ni yule ambaye stara ilikuwa haijawa haki yake: mtumwa, au aliyetoka utumwani majuzi, kwa kuwa utumwa uliondolewa kisheria Zanzibar mwaka 1897 tu, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Si ajabu kwamba mara tu baada ya uhuru huo buibui lilienea upesi miongoni mwa wanawake ambao mama zao hawakuruhusiwa kujifunika. Wageni waliliona jambo lile kuwa ni kufungwa. Mimi naona wanawake wale walijua vizuri walichokuwa wakikinunua. Msichana wa kwaya wa New York na mjoli wa Zanzibar hawakuonana abadani, walakini aliyewatazama aliwatia katika hesabu moja: kila mmoja alikuwa mwanamke wa hadhara, ambaye uso wake hauna mlinzi.

Mmoja aliyeikwepa hesabu hiyo kwa namna yake ni Seyyida Salme binti Said, aliyetoroka Zanzibar mwaka 1866 akaolewa na Heinrich Ruete wa Hamburg. Yeye alipigwa picha huko Ujerumani kwa mavazi ya kwao, picha inayojulikana hata leo, lakini aliandika na kitabu cha maisha yake, kikatolewa mwaka 1886, na kwa hiyo anayeuona uso wake huweza pia kumsikia akijieleza.

Aliyekuja kuligeuza jambo lote juu chini alikuwa mwimbaji, binti wa shamba la Fumba, Unguja, aliyezaliwa kiasi cha mwaka 1880 katika ukoo wa watumwa na kuitwa jina la Mtumwa. Alifinyanga vyungu, akavitembeza mjini kwa sauti ambayo watu waliitambua kabla hawajamwona mwenyewe. Mwaka 1911 akahamia mjini, akafunzwa kuimba, akawa Siti binti Saad. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kutiwa sauti katika santuri za His Master's Voice, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo, na santuri zake zikauzwa kwa makumi ya maelfu, zikapigwa migahawani na majumbani katika pwani yote na bara. Sasa ikumbukwe sura iliyokuwa juu ya santuri zile: ni mbwa anayesikiliza gramofoni, alama ya kampuni. Uso wa Siti haukuwapo kibandikoni, lilikuwapo jina. Biashara kubwa ya kigeni ilifika kwa mara ya kwanza kwa mwanamke wa pwani, tena wa asili ya chini kabisa, ikashindwa kuuza chochote isipokuwa kwa kumtaja. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake aliliona hilo kuwa la kustahiki kitabu, naye hakukosea.

Nayafikiri haya nikiwa Majoreni kwa sababu mambo yenyewe hayajaondoka hapa. Mwaka juzi binti mmoja wa jamaa zetu alikuwa gatini Shimoni akingoja mashua ya kwenda Wasini, kanga begani na kikapu mkononi, akicheka na mwenzake. Baada ya miezi kadhaa mtu akaja na karatasi ya matangazo ya safari za baharini, na ndani yake yumo binti huyu, anacheka. Hakuna aliyemwuliza. Baba yake aliishika karatasi ile muda mrefu, akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akauliza, "Jina lake wameliandika wapi?" Fedha hakuziulizia. Tukamweleza kuwa hivi sasa Kenya inayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na kwamba mwaka 2023 ofisi ya kamishna wake ilitoza klabu moja ya burudani ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuitumia picha ya mteja pasipo idhini. Akasikiliza kwa adabu, akasema ni vizuri, akaendelea kuishika karatasi. Sigara, kwa upande wake, hairuhusiwi tena hata kutangazwa, tangu Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, na picha iliyo juu ya pakiti zake dukani ni picha ya maradhi. Uso wa mwanamke umehamia kwenye bidhaa nyingine.

Ndiyo maana sishangai na desturi iliyoingia katika arusi zetu. Usiku wa kupamba, wanawake wanapokusanyika peke yao, bibi arusi amepakwa hina, nywele zimetiwa asumini na nguo za ndani ya nyumba zimevaliwa bila hofu, mlangoni hukaa mtu mzima mwenye kikapu, na kila aingiaye hutakiwa atie simu yake humo. Kwenye arusi ya mwisho niliyohudhuria kikapu alikishika shangazi yangu. Msichana mmoja aliyetoka mjini alijaribu kumbembeleza.

"Shangazi, mimi sipigi picha, naangalia saa tu."

"Saa ntakwambia mie, mwanangu. Tia."

Akatia.

Kesho yake nilimwendea shangazi kumwamkia, nikamweleza habari za kadi za tumbaku na wanawake wa Marekani, nikamwonyesha moja katika simu yangu, mwanamke mwenye mwavuli. Aliitazama kwa makini, akauliza anaitwa nani. Nikamsomea jina lililoandikwa chini. Akaitika kwa kichwa kama aliyejulishwa kwa mgeni. Kisha akaingia ndani, akafungua kasha, akarudi na picha yake ya pekee ya ujanani, aliyopigwa katika studio moja ya Mombasa juma moja baada ya arusi yake, ukingo umeliwa na mende. Hakunipa kwa upande wa sura. Alinipa imefunikwa, ili nisome kwanza mgongoni, ambako baba yake alikuwa ameandika kwa hati ya Kiarabu, kwa wino uliogeuka rangi ya chai, jina lake, jina la baba, jina la babu, na Majoreni.